Mabua ya Kitalu cha Juu

Tangu nistaafu, mara tu baada ya mavuno, vijana wa karakana mnanipigia simu kuniuliza mambo ambayo naapa niliwaeleza nikiwa bado nalipwa. Plau ikivuta upande tufanye nini, beringi za haro zinakula grisi kiasi gani, udongo wa mbuga unalimika lini. Nimeona badala ya kumjibu kila mmoja peke yake niandike. Hapa nyumbani Mlali nina meza, nina miwani, na kuku hawanihitaji sana mchana. Mishahara na vyeo nitaviacha. Mshahara wangu wa kwanza mngeucheka, na kila cheo nilichopewa kilikuwa namna ya heshima ya kuniongezea kazi.

Nilifika shambani nikiwa binti mwenye leseni mpya ya trekta na woga mwingi. Shamba lilikuwa la Bwana Hamdani, mfanyabiashara wa nafaka wa Majengo, Dodoma mjini, ambaye mababu zake walifika huku na misafara na hawakuona sababu ya kurudi pwani. Tulimwita Tajiri, mbele yake na nyuma yake. Alikuwa amechoka kununua mtama na alizeti za watu, akaamua kulima zake mwenyewe kwenye uwanda ule mnaoujua, kwa matrekta, mbolea ya viwandani na dawa.

Dereva mkuu alikuwa Mzee Sudayi, ambaye pia ndiye aliyekuwa fundi. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba huku akitazama miguu yangu, kisha akaniuliza ni nani aliyenifundisha kuendesha trekta kwa viatu vya kanisani. Siku ile sikupanda trekta. Nilitembea nyuma ya plau, pekupeku, nikiokota visiki na kutazama mfereji. Nilifanya hivyo mpaka nikaanza kuota mfereji usingizini, ndipo akaniruhusu kushika usukani.

Aliyonifundisha bado ni kweli. Chagua kitu kilicho mbali, mti au jiwe, uendeshe kukielekea. Ukitazama gurudumu utalima nyoka. Sikiliza sahani za plau, maana zikigonga mawe zinalia na zikizama mno zinanyamaza. Udongo ukikatwa ukang'aa kama sabuni, zima, rudi nyumbani, hata kama Tajiri amesimama pembeni na saa yake. Kulima tope ni kufyatua matofali. Na la mwisho, ambalo kwake lilikuwa karibu sawa na dini, ni kwamba shamba lililolimwa vizuri halionyeshi hata bua moja. Akimaliza kitalu alisimama pembeni mikono kiunoni, akaitazama ile ardhi nyekundu tupu kama mama anavyomtazama mtoto aliyetoka kuogeshwa.

Nami niliupenda ule usafi, siwezi kudanganya. Tulilima, tukapiga haro mara mbili kuvunja mabonge, tukapanda kwa mashine, tukatia mbolea, na mtama ukasimama. Malori yalitoka pale kwenda Majengo mchana kutwa. Miaka ambayo wakulima wadogo hawakupata kitu, watu wa mjini walikula sembe ya mtama wetu. Kwa hiyo mkimsikia mtu anasema kilimo kile kilikuwa upuuzi mtupu, muulizeni amekula nini asubuhi.

Lakini plau ikipita kina kilekile miaka nenda miaka rudi, chini yake hujengeka sakafu. Mvua yetu ya Ugogoni nayo mnaijua, huja kwa pupa halafu hukaa kimya. Ikigonga sakafu ile haina pa kwenda isipokuwa kuteremka, na ikiteremka haiendi mikono mitupu. Kitalu cha Juu, kilicho kwenye mteremko, ndicho kilichoumia kuliko vyote. Korongo lilianza ukingoni mwake, likapanuka mpaka siku moja likameza gurudumu la trela. Agosti upepo uliinua udongo uliobaki. Mpishi wetu alifunika mlenda kwa masinia mawili na bado tuliutafuna na mchanga. Tajiri aliongeza mbolea, mavuno yakazidi kushuka. Wakati huo nilikuwa nimeshakuwa msimamizi wa mashamba, na nilikuwa nimekilima kitalu kile kwa mikono yangu kuanzia ujana. Kukiona kinakufa kuliniuma.

Ndipo alipokuja Joyce, mtaalamu wa udongo, mtoto wa Moshi, kijana wa kuongea haraka. Siku ya kwanza alichukua nondo iliyochongoka akaichoma ardhini pale Kitalu cha Juu. Iliingia kiganja kimoja ikagoma. Tukachimba shimo. Mizizi ya mtama ilikuwa imeshuka mpaka kwenye ile sakafu, ikapinda, ikawa inatambaa kando. Joyce alituachia tutazame.

Ushauri wake ulikuwa tuache kulima kitalu kile. Tupasue mistari tu kwa ripa, lile jino la chuma linalokata sakafu na kuacha udongo mwingine ulivyo, tupande mtama kwenye mistari na kunde katikati, na baada ya mavuno mabua yote yabaki chini yafunike ardhi. Tajiri alisikiliza mpaka mwisho, maana ni mtu wa kusikiliza, kisha akatoa hukumu. Alitupa misimu mitatu, kitalu kimoja tu. Mtama wa pale usipofikia wa vitalu vingine, plau inarudi na habari hizo asizisikie tena. Akanigeukia akasema atakayeulizwa ni mimi.

Aliyepinga zaidi hakuwa Tajiri. Alikuwa Mzee Sudayi, aliyekuwa amebakiza muda mfupi kustaafu. Alikuja karakana, akakaa juu ya tairi kuukuu, akaniambia: "Mwanangu, tangu nikiwa mdogo mabwana shamba wanatukataza kuberega. Wametuhutubia, wametutoza faini. Leo mtu mwenye matrekta ndiye anaberega?"

Kwa wageni, kuberega ni kukwangua ardhi juujuu na kutupia mbegu bila kulima, baada ya kuchoma masalia. Ndivyo wengi wetu Wagogo tulivyolelewa, na ndivyo tulivyofundishwa kuona aibu. Joyce alikuwa hajawahi kulisikia neno hilo. Alikaa naye muda mrefu akimweleza kwamba wanaoberega huchoma na kuacha ardhi uchi, na ile sakafu chini hawaigusi, ilhali sisi tutaipasua na kuifunika. Mzee alisikiliza, akasema ameelewa, na kwamba bado ataona aibu majirani wakipita. Kisha akaenda nyuma ya karakana, akachukua fremu ya plau mbovu, akakata, akachomelea, akatutengenezea ripa. Ndiyo hiyo mnayoitumia mpaka leo. Alipokuwa akipinga jambo, alipinga kwa mdomo tu. Mikono yake haikujua kususa.

Msimu wa kwanza ulikuwa wa kutia haya. Magugu yalitucheka. Tulilazimika kupiga dawa, na Joyce alikubali bila kununa, akasema anayetaka kuponya udongo asianze kwa kugombana na kila kitu. Mtama ulipatikana kidogo. Msimu wa pili, mvua ilipokatika Februari, vitalu vingine vilikunja majani mapema na Kitalu cha Juu kikakawia kunyauka. Mavuno hayakufikia ya wengine, ila yalikaribia. Kilichonifurahisha zaidi kilikuwa mabua. Kombaini, ile mashine ya kuvunia, ilipotoka, yalilala chini manene, na ukiyainua unakuta unyevu. Nilijua tukifika msimu wa tatu na blanketi lile, tutashinda.

Nikaenda Majengo kununua beringi. Niliporudi kesho yake nilikuta Kitalu cha Juu kimejaa ng'ombe.

Walikuwa wametapakaa mpaka ukingo wa korongo, wanakula taratibu, kwa raha. Katikati amesimama Mzee Malogo, mfugaji jirani yetu, ameegemea fimbo. Alinisalimia kwa Kigogo, mbukwenyi, akaniuliza habari za safari, akanishukuru. Nilidhani ananikejeli. Hapana, alikuwa anashukuru kweli. Asubuhi alikuwa amepeleka kibuyu cha maziwa getini kama shukrani, na mlinzi alishayanywa na chai.

Hapa ndipo lazima mjue kwetu mambo yalivyo. Nafaka ni ya mwenye shamba, lakini ikishatoka, mabua ni ya mwenye ng'ombe yeyote. Hakuna anayeomba ruhusa, kama vile huombi ruhusa kupita njiani. Miaka yote Mzee Malogo alikuwa akisubiri kombaini itoke, anaingiza ng'ombe siku chache, kisha sisi tunalima. Mwaka uliotangulia mabua ya kitalu kile yalikuwa haba hata hakujisumbua. Safari hii aliona plau haiji na mabua yamelala manene kuliko alivyowahi kuyaona. Alisubiri kistaarabu, akaamua tumemwachia yeye. Joyce mtoto wa Moshi angejuaje? Na sisi tuliozaliwa hapa, jambo lilikuwa la kawaida mno hata hakuna aliyefikiri linahitaji kusemwa.

Tajiri nilimweleza kwa simu. Nilisikia anavuta pumzi. Akaagiza ng'ombe wafungiwe kwenye boma letu la zamani, aitwe mwenyekiti wa kijiji, kila mwenye ng'ombe alipe, na Jumatatu plau iingie Kitalu cha Juu. Majaribio yamekwisha. Nilikaa juu ya ngazi ya trekta nikalia, na sioni haya kuandika hivyo. Joyce alikuja akakaa pembeni yangu.

Kesho yake tukakusanyika bomani: Tajiri, mwenyekiti, Joyce, mimi, wafanyakazi wote, na Mzee Malogo na wazee wenzake wawili. Tajiri alikuwa mpole, jambo lililonitisha zaidi. Alisema hana ugomvi na mtu, anataka tu kujua ng'ombe hawa ni wa nani, amdai kila mmoja haki yake. Mwenyekiti akamgeukia Mzee Malogo.

Mzee Malogo hakuinua kidole, maana kwetu ng'ombe hawaonyeshwi kwa kidole wala hawahesabiwi hadharani. Alitumia kidevu. Yule mweusi ni wa mlinzi wa getini. Yule mwenye pembe iliyopinda na ndama wake ni wa mpishi. Wale pale kando ni wa Mzee Sudayi, wa tangu mahari ya binti yake. Yule wa kijivu ni wa katekista. Wafanyakazi wakaanza kutazama chini mmoja baada ya mwingine. Si kwamba walikuwa wameficha kitu. Kwetu mtu hafugi ng'ombe wake wote nyumbani kwake. Anawaweka kwa fulani na fulani, ili ukame au ugonjwa ukipiga mahali pamoja usimmalize. Anayetunza anakunywa maziwa, mwenye mali anabaki na mali. Nusu ya karakana yetu ilikuwa imewekesha kwa Mzee Malogo. Walinzi wetu walikuwa wamefungulia ng'ombe wao wenyewe geti.

Joyce aliziba mdomo kwa mkono. Tajiri alisema vizuri, basi wote watalipa. Akauliza na wale wekundu wenye paji jeupe, waliokuwa wengi kuliko wengine na wamenawiri, ni wa nani.

Mzee Malogo aliinua kidevu tena, kuwaelekea. "Hao ni wako, Tajiri."

Akaeleza polepole, kwa Kiswahili chake cha kuchagua maneno. Shamba lilipofunguliwa, wazee wa kijiji walimkaribisha Tajiri kwa mtamba mmoja mwekundu. Tajiri alishukuru, akasema yeye mtu wa Majengo hana pa kumweka, akamkabidhi Malogo amtunzie. Akarudi zake mjini. Mtamba akazaa, na watoto wake wakazaa. Ukame ulipokuja baadhi walikufa, na ngozi zao zimehifadhiwa nyumbani kama ushahidi. Waliobaki ndio hawa. Alikuwa akimngoja mwenyewe aulize.

Tajiri alivua kofia yake akaipangusa vumbi ambalo halikuwapo. Aliwatazama wale wekundu kwa muda mrefu. Mmoja alikuwa bado anatafuna bua la Kitalu cha Juu.

"Mbona hukuniambia miaka yote hii?" aliuliza.

"Mali yako, baba. Nikuambie nini kuhusu mali yako?"

Mwenyekiti alijifanya anakohoa. Kisha Tajiri akacheka, kwanza kidogo, halafu mpaka akatoa leso. Akasema hajawahi kusikia mtu akijishtaki, na hataki kuwa wa kwanza. Walete ubao, tukae.

Hakukuwa na ubao, tulikaa juu ya magogo, mpishi akaleta ugali na perege wa Mtera, na mazungumzo yakaenda mpaka jua likainama. Joyce alikuwa ameshapita kitalu chote. Alisema ng'ombe wamekula, ila hawajamaliza. Ardhi bado imefunikwa nusu, na wameacha samadi ambayo sisi tungeinunua. Hofu yake ilikuwa wakibaki siku nyingine. Mzee Malogo akamwambia, "Binti, ungesema. Mimi nilidhani mnayatupa." Wala hakuwa anamkejeli. Alikuwa kweli hajawahi kuona mtu anayeyataka mabua yabaki chini, sawasawa na Joyce ambaye hakuwahi kuona mtu asiyeomba kuyachukua.

Makubaliano yenyewe ndiyo mnayoyafuata hadi leo, ingawa wengi wenu mnadhani yaliandikwa na wataalamu. Hakuna ng'ombe anayeingia kitalu cha mteremko mpaka msimamizi apite na kuona mabua ni mengi kiasi gani. Wanaingia kwa neno lake, na wanatoka kwa neno lake, ardhi ikiwa bado imefunikwa. Usiku wanalala vitalu vya chini, kwenye boma la miiba linalohamishwa, ili samadi iende kule tunakolima kwa plau na kutia mbolea ya viwandani. Mzee Malogo anapata malisho ya uhakika wakati wa kiangazi kikali, nasi tunapata ardhi iliyofunikwa juu na iliyoshiba chini. Kuhusu wale wekundu, Tajiri aliacha wabaki walipo. Alisema Majengo bado hana pa kuwaweka.

Jumatatu plau haikuingia. Msimu wa tatu ulikuja na mvua ya kuchelewa, nami sikulala vizuri mpaka mtama ulipotoa masuke. Kitalu cha Juu hakikuwa cha kwanza. Hakikuwa cha mwisho pia, na kwa mbolea tuliyotia pale, iliyokuwa kidogo kuliko popote, Tajiri hakuhitaji kuelezwa. Alitembea mwenyewe mpaka kwenye korongo, akasimama pale ambapo nyasi zilikuwa zimeanza kuota ndani yake. Kisha akaniuliza mteremko mwingine uko wapi.

Hatukugeuza shamba zima, na sidhani kama tungepaswa. Mbuga nyeusi kule chini ni tambarare, maji hayakimbii, na ukiuwahi udongo wake kabla haujawa sabuni, plau inafanya kazi yake kwa adabu. Huko tunalima kama zamani, ila mbolea ya dukani imepungua tangu ng'ombe waanze kulala pale. Miteremko yote ni ya ripa na mabua. Wageni wanaokuja kututembelea hutaka kusikia kwamba tumechagua upande. Mzee Sudayi, aliyekuwa ameshastaafu lakini bado akija kukagua alivyochomelea, alizoea kuwajibu kwamba sisi tumechagua kula. Alifariki akiwa bado anaona aibu kidogo majirani wakipita, na akiwa amemfundisha kila dereva mpya namna ya kunoa jino la ripa.

Kilichonisumbua wakati nakaribia kustaafu ni makubaliano yale. Hayakuwa kwenye karatasi yoyote. Yalikuwa kati ya Mzee Malogo na mimi: mimi napita kitalu, nageuza mabua kwa mguu, nasema ndiyo au bado, naye anaingia au anasubiri. Joyce ndiye aliyechukua nafasi yangu, na hakuna anayeujua udongo ule kama yeye. Lakini mfugaji mzee hamsubiri mtu kwa sababu anajua udongo. Anamsubiri kwa sababu ameamua kumsubiri. Ikitokea mwaka mmoja tu akaingia bila kuuliza, mabua yanaisha, na mvua ya Desemba itajua la kufanya.

Juzi simu ililia nikiwa nachambua mboga. Alikuwa Joyce, anaongea haraka kama siku ya kwanza. Mzee Malogo amesimama ukingoni mwa Kitalu cha Juu na ng'ombe wake wote, na anasema haingii mpaka asikie kutoka kwangu. Akampa simu. Tukasalimiana, tukaulizana habari za nyumba, za wajukuu, za mvua. Kisha akaniomba nimwambie kama mabua yanatosha.

Moyo uliniuma, sitaficha. Nilitamani kusema ndiyo. Nilikuwa nayaona mabua yale kama niko pale.

"Kuku," nikamwambia, maana ndivyo Wagogo tunavyomwita babu, "mimi siko shambani. Muulize huyo aliyekupa simu."

Nilisikia ng'ombe, upepo, na mtu akikohoa. Hakukata simu, sijui kwa kusahau au kwa makusudi. Kisha sauti yake ikawa mbali kidogo, ameigeuzia upande mwingine.

"Haya, mama," alimwambia Joyce. "Tuingie, au bado?"

Nikasikia mabua yakivunjika chini ya viatu vya Joyce, hatua baada ya hatua, akielekea katikati ya kitalu kutazama, na nyuma yake hakuna kwato hata moja iliyosogea.